Somo la 8: Kuiamsha Imani Iliyopoa

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Ufunuo 2:1-5, Ufunuo 3:14-22, Luka 13:1-9, Amosi 8:4-7, Nehemia 13:15-22, Luka 19:1-10, Hesabu 5:5-8, 2 Wakorintho 7:8-11.

Fungu la Kukariri: Ufunuo 3:19, 20. Kila mwanafunzi alisome na kulikariri kutoka katika Biblia yake.

Kila mwenye duka Kariakoo anajua kazi ya kuhesabu mali. Siku hiyo maboksi ya rafu ya juu hushushwa, vumbi hufutwa, na kila kitu huandikwa daftarini. Wakati mwingine hupatikana katoni iliyosahaulika nyuma ya nyingine mpaka muda wake wa matumizi ukapita. Kwa nje haijabadilika. Rangi ni ile ile na jina ni lile lile, lakini kilichomo ndani hakifai tena.

Imani inaweza kufikia hali hiyo. Mshiriki wa miaka mingi anajua mafungu, anarudisha zaka, anaimba kwaya, pengine anafundisha darasa la Shule ya Sabato. Hajaacha kanisa, wala hakuna aliyemwita barazani. Lakini maombi yake yamekuwa maneno yale yale ya mwaka juzi, na Neno halimgusi tena. Kanisani hakuna aliyegundua. Yeye mwenyewe anajua.

Kwa kanisa la Efeso, lililokuwa na hali kama hiyo, Yesu alitoa maagizo matatu: kukumbuka, kutubu, na kuyafanya yale waliyoyafanya mwanzoni. Hakuanza kwa kuwaongezea kazi, maana kazi walikuwa nazo nyingi. Juma hili tutajifunza jinsi toba inavyoihuisha imani iliyopoa, si kanisani tu bali hata mahali pa kazi na biashara.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato.

JUMAPILI: Vuguvugu Katika Mji wa Biashara

Soma Ufunuo 3:14-18. Laodikia walijionaje? Yesu aliwaonaje? Tofauti hiyo ilitoka wapi?

Laodikia ulikuwa mji wa fedha. Ulijulikana kwa sufu yake nyeusi, kwa wenye benki wake, na kwa dawa ya macho. Tetemeko la ardhi lilipouharibu mwaka 60 B.K., wenyeji waliujenga upya kwa mali yao bila kuomba msaada wa Rumi. Jirani yao Hierapoli alikuwa na chemchemi za maji ya moto, na Kolosai alikuwa na maji baridi. Maji ya moto yana kazi yake, na ya baridi yana kazi yake. Ya vuguvugu yanamchefua mnywaji.

Kanisa lililokuwa katika mji huo lilijifunza kufikiri kama mji wenyewe. Kwa kuwa halikupungukiwa na kitu dukani, lilidhani halikupungukiwa na kitu mbinguni. Ugonjwa wake ulikuwa mzito kwa sababu haukuwa na maumivu. Mwenye jino linalouma humtafuta tabibu, lakini asiyesikia maumivu hatoki nyumbani.

Yesu anasema nao kwa lugha wanayoielewa: waje wanunue kwake. Anawatajia bidhaa tatu, yaani dhahabu, mavazi meupe na dawa ya macho, na zote tatu zinagusa yale waliyojivunia. Ajabu ni kwamba wanunuzi hawa amekwisha kuwaita maskini. Watanunua kwa nini? Soma Isaya 55:1. Bei yake ni kukubali kwamba mikono ni mitupu. Hapo ndipo toba inapoanzia, na ndipo mtu aliyezoea kujitegemea anapoona ugumu.

Soma Ufunuo 3:19, 20. Ni nani anayebisha, na mlango ni wa nani?

Mara nyingi fungu hili huhubiriwa kwa watu wasiomjua Kristo. Lakini barua hii iliandikiwa kanisa. Aliye nje ni Bwana wa kanisa, na walio ndani wanaendelea na ibada. Hata hivyo hajaondoka. Karipio lake linatoka katika upendo, na anachokitaka ni kuingia na kula pamoja nao.

Neno la Kiebrania linalotumiwa sana kwa toba maana yake ni kurudi. Neno la Kiarabu lililotupatia "kutubu" lina maana hiyo hiyo. Kutubu, basi, ni kurudi kwa Mtu aliyeachwa, na huzuni peke yake bila kurudi haijawa toba.

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho ulimwambia Mungu jambo ambalo hukuwa umelizoea kulisema?

JUMATATU: Mnara wa Siloamu na Jengo la Kariakoo

Soma Luka 13:1-5. Watu waliomletea Yesu habari walitaka kujua nini? Jibu lake liliwageuzia wapi?

Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo. Ndani yake mlikuwa na wafanyabiashara, wasaidizi wao na wateja. Waokoaji walifanya kazi kwa siku kadhaa, wengi waliokolewa wakiwa hai, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha.

Siku hiyo ilikuwa Sabato. Ni rahisi kwa mtu aliyekuwa amekaa salama kanisani kusema moyoni kwamba wale walipata malipo yao. Yesu amekataza wazo hilo. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, naye akasema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Kisha akawageukia waliokuwa wakimsikiliza na kuwaambia watubu. Msiba wa jirani haukuwekwa mbele yetu ili tumhukumu jirani. Kazi ya kanisa kwa waliofiwa ni kulia nao, kuwasaidia na kuwaombea.

Zaidi ya hayo, kumpima jirani kwa msiba wake ni dalili ya imani iliyopoa. Yule kaka mkubwa katika Luka 15:25-32 hakuondoka nyumbani hata siku moja. Alifanya kazi shambani na hakuvunja amri. Lakini aliporudi nduguye, akasimama nje akihesabu makosa ya mwenzake na malipo yake mwenyewe. Alikuwa karibu na nyumba ya baba, na mbali na moyo wa baba. Tukumbuke kwamba baba alitoka nje mara mbili siku ile: mara ya kwanza kwa mwana aliyepotea mbali, mara ya pili kwa mwana aliyepotea nyumbani.

Soma Luka 13:6-9. Kwa nini Yesu aliongeza mfano huu mara baada ya maneno ya mnara?

Mtini ule ulikuwa umeshika nafasi shambani kwa miaka mitatu bila tunda. Mtunza shamba aliomba mwaka mmoja zaidi, apalilie kuuzunguka na kuutilia samadi. Muda ambao Mungu ametupa ni wa jembe na samadi. Jembe hukata mizizi midogo, udongo mgumu hupasuka, na mti hutikisika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Toba huziba ufa ungali mdogo.

Tafakari: Unaposikia msiba wa mtu asiye wa imani yako, neno la kwanza linalokuja moyoni ni lipi?

JUMANNE: "Sabato Itaisha Lini?"

Soma Amosi 8:4-7. Wafanyabiashara hawa walivunja Sabato? Mungu aliwakasirikia kwa nini?

Ukisoma kwa makini utaona kwamba watu hawa hawakufungua maduka siku ya Sabato. Walikaa wakingoja. Mwili ulikuwa katika ibada na moyo ulikuwa kwenye ghala la ngano. Nabii anaunganisha mambo mawili ambayo wengi huyatenga, yaani kuchoshwa na Sabato na kupunguza kipimo. Mtu ambaye haoni raha katika saa za Mungu hatashindwa kumnyima jirani yake gramu kadhaa, kwa sababu mambo yote mawili yana bwana mmoja, naye ni faida.

Kariakoo haina subira. Tangu wapagazi wa jeshi la Waingereza walipopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuliachia eneo jina lao, pamekuwa mahali pa mizigo. Wanunuzi wa mikoani hufika na orodha zao, mikokoteni hupenya kati ya bajaji, na mawinga huwashika wateja kabla hawajafika dukani. Mwaka 2025 ulizinduliwa pia mpango wa biashara ya saa 24. Katikati ya mwendo huo Mwadventista anaangalia saa Ijumaa alasiri. Jua la Dar es Salaam huzama kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku mwaka mzima, na mteja mkubwa wa juma ana tabia ya kufika saa 11 na nusu.

Soma Nehemia 13:15-22 na Kutoka 20:8-11. Nehemia alifunga malango saa ngapi? Amri inawataja akina nani mbali na mwenye nyumba?

Nehemia hakungoja Sabato iingie ndipo afunge. Aliagiza malango yafungwe giza lilipoanza kuingia, na wachuuzi waliolala nje ya ukuta wakaonywa. Kuna njia nyingi za kuwaacha wachuuzi karibu na ukuta. Duka limefungwa lakini simu iko mfukoni, na kati ya wimbo na ombi mtu anajibu bei. Au mwenye duka yuko kanisani na tai yake, huku kijana wake wa dukani anauza kwa niaba yake, eti kwa kuwa kijana si Mwadventista. Amri ya nne inamtaja mtumishi na mgeni aliye ndani ya malango. Pumziko ambalo bwana hampi kijana wake, yeye mwenyewe hajalielewa bado.

Kupoa kwa imani mara nyingi huanzia hapa, dakika kumi baada ya dakika kumi. Ijumaa moja mtu alichelewa kwa sababu ya kweli. Ijumaa ya pili sababu ilikuwa ndogo zaidi, na ya tatu hakuitafuta sababu. Kwa hiyo kurudi kwake nako kunaweza kuanzia pale pale: mlango kufungwa mapema, kijana kuruhusiwa na ujira wake kamili, simu kuzimwa, na nyumba nzima kukutana kuifungua Sabato kwa wimbo na Neno. Mteja wa saa 11 na nusu anaweza kupotea, na hasara hiyo ni ya kweli. Isaya 58:13, 14 inaahidi nini kwa anayeikubali?

Tafakari: Sabato iliyopita, moyo wako ulikuwa wapi ilipofika saa 10 alasiri?

JUMATANO: Zakayo Arudisha

Soma Luka 19:1-10. Panga matukio kwa utaratibu wake. Je, Zakayo alirudisha mali ndipo Yesu akaja kwake, au Yesu alikuja kwake ndipo akarudisha?

Utaratibu huu ni wa thamani. Yesu alimwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake wakati mali ya dhuluma ilikuwa bado sandukuni. Hakumpa masharti chini ya mkuyu. Lakini wokovu ulipoingia nyumbani, mkono ulioshika ulifunguka. Warumi 2:4 inasema wema wa Mungu ndio unaotuvuta tutubu. Malipo ya Zakayo hayakununua msamaha. Yalionyesha kwamba msamaha umefika.

Sheria ya Musa katika Walawi 6:1-5 ilimtaka aliyedhulumu na kuungama arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijipangia mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 inamtoza mwizi aliyeiba kondoo na kumchinja au kumuuza. Alijiita kwa jina lake la kweli.

Katika soko la leo dhuluma ina majina ya upole. Nyanya nzuri hupangwa juu ya fungu na zilizoharibika chini. Mita ya kitambaa hukatwa ikiwa na upungufu wa vidole viwili. Kitu feki huuzwa kwa bei ya halisi. Risiti huandikwa kwa kiasi kidogo kuliko fedha iliyopokelewa. Fedha za upatu huzungushwa kwanza katika biashara ya mtunza hazina. Mshahara wa kijana wa dukani husogezwa mwezi hadi mwezi. Wakala wa Vipimo anaweza kukagua mizani, lakini hawezi kukagua nia ya anayepima. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana.

Je, mtu afanyeje ikiwa aliowapunja ni wateja wa miaka 10 asiowajua hata kwa sura? Soma Hesabu 5:5-8. Mungu aliliona jambo hili mapema. Aliyedhulumiwa anayejulikana arudishiwe yeye. Asipokuwapo wala jamaa wa kupokea, malipo ni ya Bwana. Toba haikwami kwa sababu mteja hajulikani. Vilevile mtu asiruke hatua: asitoe sadaka kubwa kanisani huku kijana wake, ambaye anamjua kwa jina na nyumba yake ipo Manzese au Mbagala, bado anamdai.

Kuungama nako kuna mipaka yake. Kosa la siri mbele za Mungu liungamwe kwa Mungu. Kosa dhidi ya mtu liungamwe kwa mtu huyo. Kosa lililoumiza kanisa zima liungamwe mbele ya kanisa. Mambo ya siri ya watu wengine yasimwagwe hadharani kwa jina la ushuhuda.

Tafakari: Yupo mtu mmoja ambaye jina lake limekujia unaposoma ukurasa huu? Usilifute.

ALHAMISI: Walipoanza Kuungama

Soma 2 Wakorintho 7:8-11. Huzuni ya namna ya Mungu inatofautianaje na huzuni ya dunia?

Mwaka 1887 Ellen G. White aliwaandikia Waadventista katika Review and Herald kwamba uamsho wa utauwa wa kweli ndilo hitaji lao kubwa na la haraka kuliko yote. Kanisa lilikuwa changa. Lilikuwa na hoja imara juu ya sheria ya Mungu, na wahubiri wake walishinda midahalo mingi. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Minneapolis, E. J. Waggoner na A. T. Jones walihubiri haki ipatikanayo kwa imani. Baadhi ya viongozi waliupinga ujumbe huo. Miongoni mwa waliopinga wapo walioungama baadaye, na upya wao ulianza siku walipoacha kuitetea heshima yao.

Afrika Mashariki ina kisa chake. Mwaka 1929 Joe Church, daktari mmisionari wa Kianglikana aliyefanya kazi Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi katika kilima cha Namirembe, Kampala. Wote wawili walikuwa Wakristo, na wote waliona ukavu ndani yao na katika kanisa. Walikaa wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Burundi, Kenya, na Bukoba katika Tanganyika. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi aliyefundisha Gahini, alifariki Januari 1936, na wito wake kwa kanisa ulibaki katika neno moja la Kiganda, Zukuka, yaani amka. Watu waliungama, walirudisha vitu walivyoiba, na Mwafrika na mmisionari waliombana msamaha. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alitokea katika uamsho huo.

Waadventista wanatofautiana na ndugu hao katika mafundisho kadhaa, Sabato ikiwamo. Hata hivyo kuna mambo mawili ya kujifunza. La kwanza, moto uliwashwa na watu waliokuwa tayari kanisani, walipoacha kuficha ukavu wao. La pili ni onyo. Katika miaka ya 1970 baadhi ya ndugu wa Uganda walijitenga na wenzao, wakijiita Abazukufu, yaani walioamshwa tena. Hata uamsho unaweza kuzeeka. Ushuhuda wa jana ukirudiwa kila juma bila toba ya leo, nao hugeuka kuwa katoni ya rafu ya juu.

Kanisa limepewa nafasi ya kudumu ya kurudi. Kila robo, kabla ya Meza ya Bwana, washiriki hutawadhana miguu. Mara nyingi mtu humchagua rafiki ambaye hana neno naye. Mathayo 5:23, 24 ingemwelekeza kwa nani?

Tafakari: Ungechagua miguu ya nani kama Yesu ndiye angekuchagulia?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura ya 61 ya kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, inayomhusu Zakayo, na Zaburi 51 yote. Angalia kwamba Daudi hakuomba kutengenezewa moyo wa zamani. Aliomba aumbiwe moyo safi, na kuumba ni kazi ya Mungu peke yake. Mtu anaweza kujilazimisha kuamka alfajiri na kusoma sura tatu, na akabaki baridi. Hawezi kuumba moyo, lakini anaweza kufungua mlango kwa Yule anayeumba.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba ukavu wote hautokani na dhambi iliyofichwa. Eliya chini ya mretemu, katika 1 Wafalme 19, alikuwa amechoka, na Mungu alimpa usingizi na chakula kabla ya kusema naye. Mshiriki aliyefiwa, aliye mgonjwa, au anayelemewa na madeni asishinikizwe kuungama asichokitenda. Ahudumiwe kwanza.

Maswali ya Kujadili:

1. Yesu aliwaambia Efeso wakumbuke walikoanguka. Katika kundi lenu, kila mmoja ataje jambo moja alilolifanya kwa furaha alipobatizwa na sasa ameliacha. Ni nini kinachozuia kulianza tena juma hili?

2. Mshiriki ana duka Kariakoo kwa ubia na mtu asiye Mwadventista, na mbia huyo anataka duka lifunguliwe kila siku. Kanuni za Kutoka 20:8-11 zinamwongozaje? Kanisa linaweza kumsaidiaje zaidi ya kumwonya?

3. Kwa nini ni rahisi zaidi kutoa sadaka kubwa kuliko kumwomba msamaha mtu mmoja? Hesabu 5:5-8 inasema nini juu ya utaratibu?

4. Baada ya msiba mkubwa mjini, ni maneno gani ambayo kanisa halipaswi kuyasema? Ni matendo gani linapaswa kuyafanya?

5. Darasa lifanye nini ili anayeungama asigeuzwe kuwa habari ya mtaani?

Muhtasari: Imani hupoa mtu akiwa bado ndani ya kanisa, mara nyingi bila yeye kusikia maumivu. Dawa yake ni kumrudia Kristo, ambaye anabisha mlangoni kwa upendo. Toba ya kweli huonekana Ijumaa jioni mlango wa duka unapofungwa, na Jumapili asubuhi mizani inapowekwa sawa. Kabla jua la leo halijazama, mwanafunzi amtafute mtu mmoja anayemdai msamaha au fedha, aanzie hapo.